Sumaku ya Katekista

Ukifika njia panda ya Misigiri ukauliza Mama Witness anafanya kazi gani, utapata majibu matatu, na yote yana ukweli kidogo. Kuna watakaokwambia anachaji betri. Kuna watakaosema anauza vocha na soda. Na kuna wachache, wale wasioweza kusimulia jambo bila kulitia chumvi, watakaokwambia anafufua vyuma. Hilo la tatu yeye mwenyewe halipendi. Anasema kufufua ni kazi ya Mungu, kazi yake yeye ni kugusisha waya.

Jina lake la ubatizo ni Editha. Alizaliwa Sepuka kwa Wanyaturu, akaolewa Misigiri kwa Wanyiramba, na ingawa sasa ana miaka hamsini na mbili na mjukuu mmoja, mawifi zake hawajaacha kumcheka anavyotamka Kinyiramba. Mumewe, marehemu Noel, alikuwa na kibanda cha kuchaji betri kwa jenereta. Enzi hizo mtu alifunga betri yake nyuma ya baiskeli, akaileta kwa Noel, akarudi kesho yake kuichukua ili nyumbani wapate kusikiliza redio. Noel alipofariki, Editha akakishika kibanda. Halafu nguzo za umeme zikaingia. Kijiji kizima kilishangilia, na Editha alishangilia kuliko wote, akapika na pilau. Mwezi haujaisha akatambua kwamba pilau ile ilikuwa ya matanga ya biashara yake.

Alibaki na betri nane kubwa za lori na muda mwingi wa kukaa.

Sumaku ya kwanza aliletewa na jirani yake Chediel, fundi wa pikipiki mwenye miaka sitini na nane anayeziba pancha za bodaboda ng'ambo ya barabara. Ilitoka kwenye mashine ya kusaga ya zamani, moja ya zile injini zisizojua betri. Umeme wa plagi zinajitengenezea zenyewe kwa kidude kinachoitwa magneti, ukubwa wake kama kopo la maziwa. Ndani yake mna sumaku, na katikati ya sumaku inazunguka roli ya waya mwembamba ambayo mafundi wanaiita amecha. Amecha ikizunguka, cheche inaruka. Sumaku ikichoka, utazungusha mpaka mkono ukuume na hupati kitu.

"Hii imekufa, Mama Witness," Chediel alimwambia. "Nilikuwa naitupa. Nikaona nikuletee kwanza, wewe una mambo ya betri."

Kwenye sanduku la marehemu mlikuwa na kitabu cha matrekta cha Kiingereza, nusu yake kimeliwa na mchwa. Editha aliishia darasa la saba na Kiingereza kilimshinda mapema, lakini kulikuwa na picha moja aliyoielewa: vyuma viwili vilivyozungushiwa waya, magneti katikati yake, betri zimepangwa mfululizo. Akaenda kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, akaomba kipande cha shafti iliyovunjika. Waya akaupata kwenye mota yao iliyoungua. Wiki mbili nzima alikaa mbele ya kibanda akizungusha waya, na wapita njia wakimuuliza hicho kikapu kitaisha lini.

Siku ya kujaribu aliunganisha betri nne, akaibana magneti kati ya vyuma vyake viwili, akagusisha ncha ya waya, kufumba na kufumbua, akaondoa. Cheche ya bluu, mlio mkavu, harufu ya waya uliopata moto. Akagusisha mara ya pili na ya tatu. Kisha akashika amecha kwa vidole na kuizungusha. Asubuhi ilikuwa inazunguka kwa ulaini bila kipingamizi. Sasa ilikataa. Alipoilazimisha ikasogea kidogo, ikaruka yenyewe nusu duara, ikakamata tena.

Editha alikaa chini. Aliogopa, tuseme ukweli. Alitazama hata mlangoni kuona kama kuna aliyemwona. Halafu akafanya jambo ambalo nadhani ni yeye tu angelifanya: aliibeba magneti mpaka kwa muuza vitunguu, akaiweka kwenye mizani. Alikuwa ameipima asubuhi kabla hajaanza. Uzito ulikuwa ule ule. Rangi ile ile, kutu ile ile. Kitu chenye nguvu za kumshinda vidole kimeingia mle ndani, na mizani haikuwa na habari. Tangu hapo ameshafanya sumaku zaidi ya thelathini, za mashine za kusaga na za pikipiki kuukuu kutoka Iramba na Mkalama, na kila amecha inapokamata mwili wake bado unasisimka. Anasema siku akizoea ataacha kazi.

Kesho yake Chediel alikuja kuyaona maajabu, akapewa chai. Editha, kwa furaha ya kujionyesha, akaichomoa amecha ili jirani yake aone palivyo ndani, kisha akairudisha. Ikazunguka laini. Nguvu yote imeondoka! Hakuna aliyeigonga, hakuna aliyeitia motoni. Akagusisha waya upya, ikakamata. Akachomoa, akarudisha, ikafa tena. Mara ya tatu, kabla ya kuchomoa alilaza kipande cha chuma kutoka upande mmoja wa sumaku hadi upande wa pili, na safari hiyo nguvu ikabaki. Ndipo akaelewa. Sumaku za kizamani hazivumilii kuachwa wazi. Lazima pande zake mbili ziwe na chuma cha kushika, na amecha ndiyo chuma chenyewe. Ukiichomoa bila kuweka kingine, sekunde chache tu zinatosha kuiharibu, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Chediel aliweka kikombe chini, chai bado ya moto.

"Mama Witness," alisema, "basi sikuiba."

Editha hakuelewa, ikabidi asimuliwe. Mwaka themanini na nne, huko Kinyangiri, Katekista Antipasi alikuwa na pikipiki ya Kiingereza aliyoachiwa na padre mmoja mzungu aliporudi kwao. Kwa pikipiki hiyo alizungukia vigango saba, yale makanisa madogo ya vijijini. Siku moja ilikohoa kidogo njiani, akampa Chediel, wakati huo kijana wa miaka ishirini na saba, aisafishe. Chediel alifungua magneti, akachomoa amecha, akaiosha kwa petroli, akaianika rafuni siku tatu, na sumaku ikakaa pembeni yake, wazi. Akarudisha kila kitu mahali pake. Pikipiki haikuwaka tena. Katekista akaipeleka kwa fundi mwingine mjini, na yule baada ya kuzungusha amecha akatoa hukumu: sumaku hii siyo yake, huyo kijana kachukua nzima kakubandikia mbovu.

Antipasi hakuwa mtu wa kusema pembeni. Jumapili alisimama kigangoni baada ya ibada, akamtaja Chediel kwa jina, akamwita mwizi. Wiki ile ile posa ya Chediel ikarudishwa. Mwaka haukuisha akahama.

"Nilikataa, nikakataa, nikachoka," Chediel alisema. "Mpaka mwenyewe nikaanza kujiuliza kama siku ile sikuichanganya na nyingine. Miaka arobaini, Mama Witness. Hata kuzika kwetu naenda nikiwa nimeinama."

Editha alimwambia waende Kinyangiri kesho yake. Chediel akakataa. Mtu gani atakubali kwamba nguvu ilitoroka yenyewe, bila mkono wa mtu? Na kweli, ukilisikia jambo hilo bila kuliona, utasema ni hadithi ya mwizi.

Ikapita miaka miwili. Mwaka huu, mwezi wa sita, wakati wa kuvuna alizeti, alishuka kibandani mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akajitambulisha kwa jina la Magdalena. Baba yake ametimiza miaka themanini na mitano, ana pikipiki ya zamani ghalani, na kila siku anaizungumzia. Amesikia kuna mama huku. Editha alipouliza jina la baba akaambiwa Antipasi, akaweka spana chini.

"Nitakuja," alimwambia, "lakini fundi wangu ni Mzee Chediel. Mwambie baba yako hivyo hivyo, usimfiche."

Jibu likaja kwa simu jioni ile ile. Baba amesema aje.

Wakapakia mtambo na betri nne kwenye kirikuu, wakashika njia ya vumbi mpaka Kinyangiri. Mzee Antipasi aliwapokea uani, amekaa kwenye kiti cha kamba, amevaa koti licha ya jua.

"Shikamoo, baba," alisema Chediel.

"Marahaba." Halafu, bila kupunguza sauti, mzee akamgeukia binti yake. "Magdalena, pikipiki ikishatoka, funga ghala. Ufunguo kaa nao wewe."

Editha aliona masikio ya Chediel yakipata moto, akainama kufungua boksi la spana ili asiangalie zaidi. Alikasirika, na hasira yake huwa inaingia kwenye mikono. Siku hiyo alifunga waya kwa kukaza kuliko kawaida.

Pikipiki ilitolewa chini ya magunia ya mashudu. Ilikuwa kubwa na nzito, tangi lake bado na mstari wa dhahabu. Chediel aliifungua magneti bila kuichomoa amecha, akaiweka mezani. Editha akatoa dira ndogo, akaisogeza upande huu na upande ule, akaweka alama kwa chaki, kwa sababu ukitia nguvu kinyume na ilivyokuwa unaweza kuimalizia hata ile kidogo iliyobaki. Kisha akamwomba mzee aje azungushe mwenyewe.

Antipasi alizungusha kwa vidole viwili. Amecha ilizunguka laini.

"Ndiyo hii hii mbovu," alisema, akimwangalia Chediel. "Siku ile niliporudishiwa ilizunguka hivi hivi."

Editha akaibana magneti kati ya vyuma, akawaambia watu wasogee nyuma, maana betri zinaweza kupasuka zikamwaga asidi. Akagusisha. Mlio ule mkavu uliwafanya kuku watawanyike uani. Mara ya pili. Mara ya tatu. Akafungua, akamsogezea mzee.

Antipasi alishika, akazungusha, na amecha ikamkamata. Alivuta mkono haraka akaitazama. Akajaribu tena polepole. Ikakataa, ikakataa, ikaruka. Mzee alifanya ishara ya msalaba. Magdalena naye akajaribu, kisha jirani aliyekuja kuazima jembe, kisha jirani wa pili, na kila mmoja alipokamatwa vidole aliitazama amecha kabla ya kucheka. Editha aliwatazama na mwili ukamsisimka pamoja nao.

Kufunga na kutegesha ilikuwa kazi ya Chediel. Hakuangalia kitabu wala hakuuliza; mikono yake ilikuwa inakumbuka kila nati. Akatia petroli mpya, akapiga kiki mara moja, mara mbili. Mara ya tatu pikipiki ikalipuka moshi, ikatulia, ikaanza kunguruma ngurumo nene ya polepole ambayo bodaboda za siku hizi haziijui. Watu walikuja mbio kutoka mashambani na alizeti mikononi. Mzee Antipasi alisimama bila fimbo, ameshika usukani, machozi yanateremka waziwazi, naye hakuyafuta.

Injini ilipozimwa, alimshika Chediel bega.

"Umechelewa, mwanangu," alisema mbele ya wote, "lakini umeirudisha. Nimekusamehe."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Chediel alisimama katikati ya furaha ile ameinamisha kichwa. Yeye na Editha hawakuwa wamefikiria hili hata kidogo. Kwa watu wale, kuwaka kwa pikipiki ndio ushahidi wa mwisho: sumaku nzima ilikuwa kwa Chediel miaka yote, na leo dhamiri imemsuta, ameileta kimya kimya kwenye boksi la spana.

Alimsogelea. Chediel akamnong'oneza, "Acha tu, Mama Witness. Msamaha nao ni kitu. Nitakufa nao."

"Msamaha wa nini?" alijibu Editha, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wakageuka.

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka arobaini, binti alikuwa anapiga picha kwa simu, na wali wa kuku ulishaanza kunukia jikoni. Tena waya wa amecha ile ulikuwa na umri wa miaka sabini, mwembamba kama unywele, umekauka. Kuichomoa kulikuwa hatari, na nyingine haipatikani Singida nzima. Editha alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Akamwendea mzee, akapiga goti kidogo.

"Baba, naomba radhi. Hakuna kilichorudishwa leo. Sumaku ni ile ile uliyoizungusha asubuhi, na ni ile ile ya padre. Naomba uniruhusu nikuonyeshe. Lakini nitaiua pikipiki yako."

Magdalena alianza kusema jambo, baba yake akamnyamazisha kwa kiganja. Alimtazama Editha kwa muda mrefu.

"Iue," alisema.

Magneti ikafunguliwa tena, ikawekwa mezani mbele ya kiti cha mzee. Akazungusha mwenyewe: ilikamata. Akazungusha tena kuhakikisha: ilikamata. Editha akamgeukia Chediel.

"Fundi, fanya kama ulivyofanya mwaka ule. Usiongeze kitu, usipunguze."

Chediel alikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Akaichomoa amecha taratibu, akaishika juu watu waione, na sumaku ikabaki wazi mezani. Hakuna aliyeigusa. Upepo wa Mkalama ulikuwa unapiga mabati, basi. Editha alihesabu kumi kwa sauti. Chediel akairudisha amecha, akafunga, akarudi nyuma hatua tatu, mikono kaiinua kidogo mbali na mwili wake.

Antipasi alinyoosha vidole viwili. Amecha ikazunguka laini.

Akaizungusha upande wa pili. Laini. Aliiinua magneti, akaigeuza, akaiangalia chini, akachungulia chini ya meza. Akaangalia viganja vya Chediel, vilikuwa vitupu na vina mafuta. Akazungusha tena, na tena, muda mrefu kupita kiasi, na Editha alipomtazama usoni alitamani asingemtazama. Mzee alikuwa anaitafuta nguvu ile mle ndani, na wakati huo huo alikuwa anaona miaka yote arobaini.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

"Sijui, baba," alisema Editha. "Nimeiondoa na kuirudisha mara nyingi, na sijui inakwenda wapi. Najua tu hakuna anayeichukua."

Jirani wa jembe akavua kofia. Chediel hakuwa amesogea pale alipo, machozi yanamdondoka kwenye shati.

"Nusu saa tu, baba," Editha alisema taratibu. "Nitairudishia nguvu, iwake tena, tule chakula."

"Irudishie," alisema Antipasi. "Lakini Jumapili njoo na mtambo wako pale kigangoni. Baada ya ibada tutaiwasha mbele ya watu. Halafu Chediel aiue kama alivyoiua sasa hivi, na kila mtu azungushe kwa mkono wake."

"Baba," Editha alisema, kwa sababu ilimlazimu kusema, "ule waya ni mzee sana. Leo Mungu ametusaidia. Ukichomolewa tena unaweza kukatika, na pikipiki isiwake tena maisha yako yote."

"Basi ukatike," alisema Mzee Antipasi. Akamwambia Magdalena alete daftari na kalamu, akaanza kumtajia, jina kwa jina, watu waliokuwa kanisani Jumapili ile ya mwaka themanini na nne na bado wako hai.